Gitaa la Pili na Kiberiti cha Miiba

Mwenzetu wa taa za mgodini amekufa. Wasomaji wangu wa kila juma mtaniwia radhi kwa kulitamka neno hilo wazi, bila "ametutoka" wala "amepumzika," maana hasira niliyo nayo haijui kubembeleza. Alikufa Jumanne nyumbani kwake Kagongwa, kifua kikiwa kimembana kwa miezi, na Jumatano alasiri tukamzika pembeni mwa shamba lake la pamba. Wengi wenu hamkumjua, wala hakuna sababu mngemjua. Kazi yake ilikuwa kukaa katika chumba cha taa kwenye mgodi mmoja wa dhahabu upande wa Geita, akimkabidhi kila anayeshuka chini taa yake na kuipokea anapopanda. Mimi nilikuwa karani mgodini hapo kabla sijahamia Shinyanga kwenye kinu cha pamba. Huyo ndiye ninayemwandika leo, na asiyetaka kusoma habari za mtu wa taa na ageuze ukurasa.

Hasira yangu ilianzia palepale mazishini. Tulikuwa tumeketi kwenye mikeka, tumekwisha kunawa mikono, ugali umewekwa, ndipo bwana mmoja aliyefanya naye kazi miaka hii ya mwisho akatikisa kichwa, akasema, "Masikini, na hadithi yake ile ya gitaa amekwenda nayo." Mwingine akadakia, "Eti alipiga kwenye sahani ya santuri! Kwa vidole vipi?" Watu wakacheka, si kwa ubaya, ni kile kicheko cha msibani ambacho watu hukitafuta wapate kupumua. Lakini binti wa marehemu, mtoto wa miaka tisa, alikuwa amesimama mlangoni na bakuli la mboga, naye akasikia kila neno. Katika mkeka ule wote, mimi peke yangu nilijua kuwa ile haikuwa hadithi, maana nilikuwepo, nilimwona kwa macho yangu mawili. Na mimi, mwandishi mnayemsifu kwa ulimi mkali, nikainama nikamega tonge. Basi leo nayasema kwa kalamu yale niliyoshindwa kuyasema kwa mdomo, na nitasema yote, hata yale yanayoniumbua.

Miaka ile baada ya vita, pale kambini, tulikuwa na chama chetu cha wapenzi wa santuri. Tulikuwa watu wa kila namna: Wasukuma, Wasumbwa, Wahaya, Wamanyema, bwana mmoja wa Tanga aliyeapa kuwa hakuna gitaa duniani kama la pwani, Waislamu na Wakristo, wachimbaji na wapishi wa wazungu. Gramafoni ilikuwa moja, mali ya wote, na kila Jumapili alasiri iliwekwa juu ya sanduku nje ya chumba cha zamu. Sahani kila mtu alikuja na yake. Sheria zilikuwa tatu, na ole wake aliyezivunja. Ya kwanza, kabla sahani haijapigwa, mwenyewe asimame aseme ni nani aliyemfundisha kuipenda na ni mpiga gitaa gani tumfuate humo ndani. Ya pili, sindano ikishuka, midomo ifungwe. Ya tatu ndiyo iliyokuwa tamu kuliko zote: sahani hailali kwa mwenyewe majuma mawili. Ukija na sahani yako Jumapili hii, inaondoka mikononi mwa mwingine, nawe unaondoka na ya mwenzako. Kwa njia hiyo, mtu mwenye sahani moja aliishi kama tajiri wa sahani thelathini, na mpiga gitaa wa Kongo ambaye hatukumjua hata kwa sura alikuwa na wanafunzi wake Geita.

Mwenzetu huyu ndiye aliyenifungua masikio. Siku hizo alikuwa bado mchimbaji, anashuka chini, mkono mzima, na gitaa lake la mbao nyekundu alilinunua kwa mtu wa Katanga. Nilipofika mara ya kwanza nilikuwa najiona mjuzi. Akaniuliza, "Karani, umesikia magitaa mangapi?" Nikasema, "Moja, tena linalia vizuri." Akacheka mpaka akashika mbavu. "Masikio yako umeyaweka darini. Yashushe." Akairudisha sahani mwanzo. Nikasikia lilelile. Akairudisha tena, akaniambia, "Wa juu huyo ni mgeni, anapita anasifiwa. Wa chini ndiye mwenye nyumba. Mtafute mwenye nyumba." Mara ya nne nikampata: gitaa la pili, polepole, linarudia maneno machache kama mama anayetwanga huku akimsikiliza mtoto. Tangu siku ile sijasikia muziki kama zamani. Kila nilichowaandikia nyinyi katika safu hii kuhusu wapiga gitaa, na barua zenu za kunisifu nimezihifadhi, nilikipata kwa mtu huyo, na jina lake sikuwahi kulitaja. Hata leo silitaji, kwa kuwa ndiyo desturi ya safu hii, lakini zamani sikuwa na desturi, nilikuwa na choyo.

Sasa sikilizeni habari ya hiyo sahani. Watu wenye mashine ya kunasa sauti walipita Shinyanga, wakachukua chumba cha shule, wakatundika mablanketi madirishani. Mwimbaji mmoja ambaye leo ana jina kubwa alikuja na gitaa lake, lakini mpigaji wake wa pili alikuwa ameshikwa na homa. Mwenzetu alikuwa likizo, nami nilikuwa naye, tumekwenda kutazama tu. Akaitwa. Akakaa kwenye kiti cha mwanafunzi, magoti yamemfika kidevuni, akapiga wimbo ule wa harusi mara mbili, ya kwanza kujaribu, ya pili kunasa. Mwanzo wa wimbo gitaa la pili linaingia peke yake, kabla ya sauti, kabla ya gitaa la kwanza. Ni yeye huyo. Sahani zilipotoka, kwenye karatasi ya kijani ya katikati palikuwa na jina moja tu, la mwimbaji. Nikafoka. Yeye akaigeuzageuza ile sahani mkononi, akasema, "Waache. Jina ni lao, mkono ni wangu." Aliletewa moja kutoka Mwanza, na nilivyojua mimi hapakuwa na nyingine Geita nzima.

Mwaka uliofuata toroli la mawe lilimbana chini mgodini. Likaondoka na vidole viwili vya mkono wa kushoto, vilevile vya kubania nyuzi. Wakubwa wa kazi wakamhurumia, wakampa chumba cha taa, na watu wakasema ana bahati. Bahati! Gitaa lake jekundu aliligawa juma lile lile. Alioa baadaye, mke akabaki Kagongwa analima, naye akawa anarudi kwao kwa likizo. Gramafoni haikuwa yake, ilikuwa ya chama, haikutoka kambini. Kwa hiyo mke aliolewa na mtu wa vidole vitatu, na binti akazaliwa kwa mtu wa vidole vitatu, na wote wawili walikuwa na neno lake tu kwamba zamani mkono ule ulikuwa unasema. Alikuwa na mpango mmoja maishani, nao aliutaja mpaka tukamtania: siku atakayoacha kazi atanunua gramafoni yake, aiweke uani Kagongwa, amwambie mtoto, "Sikiliza, huyo ni baba yako." Mpango wenyewe ulikuwa ni huo tu.

Ndiyo maana sahani ile peke yake haikuingia katika sheria ya tatu. Ililala kwake. Na ilipigwa kwa mwiba tu. Vijana wa leo hamjui habari hiyo: wakati wa vita sindano za chuma zilikuwa haba, naye akabuni kuchuma miiba ya mgunga, akaikausha, akaichonga kwa wembe ikawa myembamba kuliko sindano ya kushonea. Mwiba ni laini. Ukipiga upande mmoja umekwisha, lazima uchonge tena, na sauti yake ni ndogo, inakubidi usogee. Lakini sahani haiumii. Chuma kinapiga kelele na huku kinalima, na kila kinapopita kinaondoka na kitu. Vita vikaisha, sindano zikajaa madukani, yeye akaendelea na miiba yake, akiikausha juu ya joto la zile taa. Tulimwita mchungaji wa migunga. Alikuwa anacheka.

Nilipohamishiwa Shinyanga, nilikwenda kumuaga, na hapo ndipo nilipofanya niliyoyafanya. Nikamwambia, "Shinyanga hawajui gitaa la pili. Nipe ile sahani yako nikawafundishe. Mwezi mmoja tu." Nikamkumbusha sheria ya tatu, mimi, kwa mdomo wangu, kwamba sahani hailali kwa mwenyewe! Akainuka, akaitoa ndani ya blanketi, akanipa pamoja na kiberiti kilichofungwa uzi. "Humu mna miiba arobaini, nimekuchongea mwenyewe. Sahani hii imekula miiba tu tangu izaliwe, karani. Usije ukaipa chuma." Nikamwambia, "Wabeja," maana kwa Kisukuma shukrani inasikika nzito zaidi, na mtu mwongo hupenda maneno mazito.

Jumamosi ya kwanza nikaipeleka kwenye hoteli moja ya chai. Nikachonga maneno yangu ya utangulizi, nikaweka mwiba, nikaomba kimya. Watu wakasikiliza kidogo. Kisha mmoja akasema, "Mbona inanong'ona? Ina mafua?" Hoteli nzima ikacheka. Wasomaji wangu, mtu mzima alichekwa na wanywaji chai, akautoa mwiba, akautupa chini ya meza, akaweka chuma. Ikalia! Wakashangilia, wakapiga makofi, wakaniita mwenye sahani. Jumamosi iliyofuata wakaitaka tena, na tena, na Jumapili, na siku za mnada. Sindano moja ya chuma ilipaswa kutupwa baada ya upande mmoja, mimi nikaitumia juma zima. Zilipoadimika, fundi baiskeli akanichongea spoku. Naam, spoku ya baiskeli, katika sahani ile! Mwezi mmoja ukawa miaka minne. Na miaka hiyo yote nilikaa nikiandika hapa jinsi tunavyopaswa kuheshimu wapiga gitaa wetu. Debe tupu haliachi kuvuma, na debe lenyewe lilikuwa na safu gazetini.

Mwaka jana yule mwimbaji alipita Shinyanga. Nikamfuata, nikamwuliza habari ya aliyempigia gitaa la pili katika wimbo wa harusi. Akakuna kidevu. "Nilipiga na wengi, bwana. Yule wa mgodini? Labda alikuwepo." Labda! Mtu ameingia wa kwanza katika wimbo wako, kabla hujafungua kinywa, nawe unasema labda. Nilitoka pale kwa hasira, nikaenda moja kwa moja hotelini kuwasimulia watu, na ili waelewe vizuri nikawapigia ile sahani. Kwa spoku.

Barua ilikuja mwezi uliopita, mwandiko wake, umelegea. "Karani, nimeacha kazi, kifua hakinitaki. Gramafoni sikupata kununua. Njoo na yako, uniletee sahani yangu. Mtoto ana miaka tisa, hajanisikia." Nilipakia gramafoni kwenye lori la pamba nikaenda. Nilimkuta uani, kiti cha kamba, blanketi magotini mchana wa jua kali. "Mwezi wako ulikuwa mrefu, karani," akasema, na kwa kweli alikuwa anacheka. Mkewe akanikaribisha, "Karibu, shemeji, tumekungoja tangu asubuhi." Binti akapiga goti, "Shikamoo, baba." Alikuwa amevaa gauni la Jumapili, na siku ilikuwa Alhamisi. Majirani wanne watano walikuwa wameitwa, wameketi, na nikajua kwa nini wameitwa.

Nikaweka sindano mpya ya chuma, ya kwanza mpya katika miezi mingi, kana kwamba ingesaidia. Sahani ikazunguka. Pale mwanzo, mahali ambapo yeye anaingia peke yake, pakaja mchakacho mtupu. Kisha sauti ya mwimbaji ikatokea, na gitaa la kwanza kwa mbali, vimekwaruzwa lakini vimo. Chini hapakuwa na kitu. Binti akasogea, akaweka sikio kwenye mlango wa gramafoni. "Uko wapi, baba?" Akamjibu, "Chini. Shusha masikio, mama." Mtoto akafumba macho, akajitahidi, nilimwona anavyojitahidi. Mwishowe akasema, "Chini kuna mvua tu, baba." Mkewe akasema haraka, "Mimi nimesikia, baba watoto, nimesikia kabisa." Majirani wakasema ndiyo, ndiyo, na wakatazamana. Yeye akangoja sahani ikaisha. Akaomba apewe, akaigeuza kwenye mwanga, akapitisha kidole juu ya mikwaruzo. Halafu akaniuliza, "Karani, miiba ilikwisha?" Nikasema, "Ilikwisha." Nilimwambia uongo mtu anayekufa, na kiberiti chake kilikuwa ndani ya mtoto wa meza yangu Shinyanga. Akatikisa kichwa taratibu. "Ungeniandikia. Ningekutumia mingine. Migunga si imejaa hapa?" Akanyoosha ule mkono wa vidole vitatu kuelekea nyuma ya zizi, na kweli ilikuwa imejaa.

Siku ya kumi na mbili akafa. Sitaki mtu aniambie majuto ni mjukuu. Wa kwangu amekwisha zaliwa na anatembea. Nimekaa kukasirika na kampuni iliyoacha jina lake, na mwimbaji aliyemsahau, na watu wa mkekani waliocheka, na wote wanastahili. Lakini hao walimnyima jina tu, naye jina alikwisha liacha. Mkono wake alimpa mtu mmoja, na mtu huyo alikuwa rafiki yake, mpenzi wa muziki, mwenye kujua tofauti ya mwiba na chuma kuliko wote hotelini. Siku hizi kila mji una wapenzi wa muziki. Tunaazimana sahani, tunabishana majina ya wapiga gitaa wa Kongo na wa Nairobi, tunaongeza sauti mpaka barabara nzima itujue. Nawaulizeni, mnacho nyumbani kitu cha mtu? Kirudisheni kesho. Kirudisheni mwenyewe akiwa na masikio, na kirudi kama kilivyokuja, maana mpenzi anayekula anachokipenda hana tofauti na panya wa ghala la pamba.

Baada ya kunawa mikono siku ile ya mazishi, binti alinifuata hadi kwenye lori. Hakulia. Aliniuliza, "Baba mdogo, baba alipiga kweli?" Nikamwambia, "Alipiga kweli, mimi nilikuwepo." Akanitazama kwa macho yaleyale ya majirani walipotazamana siku ya sahani, akasema, "Sawa," akarudi ndani. Neno langu halimtoshi, na halipaswi kumtosha.

Kwa hiyo sikilizeni, wenye sahani wa Shinyanga, Kahama, Mwanza, Tabora, popote gazeti hili linapofika. Sahani ile haikuchapwa moja. Karatasi ya katikati ni ya kijani, wimbo wa harusi uko upande wa pili, na gitaa linaanza peke yake. Tazama kabatini, uliza kwa shangazi yako, fungua sanduku la marehemu babu. Ukiipata, usiipige hata mara moja kujaribu. Ifunge katika nguo, uniletee kwenye kinu cha pamba, nami nitaifikisha Kagongwa kwa mikono yangu, na safari hii nitawaita wale wa mkekani wote. Sindano usihangaike nayo. Aliniachia miiba arobaini, na jana nimefungua kiberiti nikaihesabu: imo thelathini na tisa.